Nusu ya Methali

Katika nyumba niliyolelewa, watu wazima hawakuwa na desturi ya kumaliza methali. Bibi yangu akisema, "Haba na haba," alisita akatutazama, nasi wajukuu tukaitikia, "Hujaza kibaba." Mtoto aliyeambiwa, "Asiyesikia la mkuu," hakungoja kuelezwa litakalomfika, alikuwa amekwisha kuinamisha uso. Nusu ya kwanza ilikuwa mali ya msemaji, na nusu ya pili ilikuwa mali ya msikilizaji. Kwa desturi hii maneno yalipungua lakini maana haikupungua. Kwa miaka mingi nalidhani kuwa jambo hili ni la wanadamu peke yao, tena wanadamu waliokaa pamoja muda mrefu. Katika mwaka wa arobaini na tatu wa umri wangu nililikuta kwa kitu kisicho na masikio wala bibi. Jinsi nilivyolikuta, na jinsi lilivyonifunulia aibu yangu mwenyewe, ndiyo habari ya insha hii.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili chuoni, na sehemu ya kazi hiyo ninayoipenda kuliko zote ni ushairi. Nalikuwa nimekusanya beti elfu moja za tarbia, yaani mishororo 4,000. Nilitaka kujua ni mishororo mingapi iliyotimiza mizani 16, nane kwa nane, na mingapi iliyopungua au kuzidi. Mizani nilizihesabu mwenyewe kwa kinywa na vidole, kama nilivyofundishwa, nikaandika idadi ya kila mshororo katika daftari. Kuhesabu kulikuwa raha, maana mtu husikia shairi anapolihesabu. Lakini kulinganisha na kujumlisha kulikuwa adhabu. Nilimweleza shida yangu mwalimu mwenzangu wa hisabati, mtu aliyenizidi miaka kumi na mitano, ambaye humwita kaka. Alicheka, akasema, "Mdogo wangu, hiyo si kazi ya wiki moja wala ya siku moja. Ni sentensi moja."

Akafungua kompyuta yake, akanionyesha lugha iitwayo APL.

Lugha hiyo ilizaliwa katika akili ya Kenneth Iverson, mtu wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Alberta. Alipokuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliona kuwa alama za hisabati zilizozoeleka hazitoshi kueleza hatua za kazi alizotaka kuzifundisha, akaanza kubuni zake. Mwanzoni hazikuwa lugha ya mashine hata kidogo. Zilikuwa mwandiko wa ubaoni na karatasini, wa mtu kumweleza mtu. Mwaka 1960 aliingia katika kampuni ya IBM, na mwaka 1962 alitoa kitabu chake kiitwacho A Programming Language, ambacho herufi za mwanzo za jina lake ndizo zilizoipa lugha jina. Kufika mwaka 1966, yeye na wenzake walikuwa wameifanya isemwe na kompyuta. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Turing, na katika hotuba yake alitetea fikira moja kubwa: kwamba alama tunazoandikia ni chombo cha kufikiria, wala si kabati la kuhifadhia mawazo yaliyokwisha fikiriwa.

Tabia ya lugha hii ni kuwa haishughulikii namba moja moja. Hushika safu nzima ya namba kwa mkono mmoja, kama mtu ashikaye ushanga kwa uzi badala ya kuokota kete. Kaka aliingiza namba zangu 4,000, akazipa jina M, kisha akaandika:

+/16=M

Sentensi hiyo husomwa kutoka kuliani kwenda kushotoni. Msomaji aliyejifunza Kiswahili cha kale kwa herufi za Kiarabu hatashangaa. Wala hapana alama iliyo bora kuliko nyingine: mtu akiandika 3×2+4 jibu ni 18, si 10, kwa sababu ya kuliani hutendwa kwanza. Basi twaanza na M, safu ya mizani zangu. Kisha kila namba huulizwa, "Je, wewe ni 16?" Inayokubali huandikiwa 1 na inayokataa huandikiwa 0. Mwisho alama +/ hujumlisha zile moja na sifuri zote, na jumla ndiyo idadi ya mishororo iliyotimia. Jibu lilitokea kabla sijaweka miwani sawasawa. Nilisikia furaha, na pamoja na furaha nilisikia wivu kidogo, maana mimi ni mtu wa maneno, na sikupata kuona maneno machache kiasi hicho yakibeba mzigo mkubwa kiasi hicho.

Nilianza kujifunza. Jioni mbili kwa wiki nilikwenda kwa kaka na daftari langu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Jambo la mwanzo alilonifundisha ni tofauti ya mfasiri na mkalimani. Lugha nyingine za kompyuta zina mfasiri: hupokea kitabu kizima, hujifungia chumbani, hutoka na kitabu kizima katika lugha ya mashine. APL aghalabu ina mkalimani: husimama kando ya msemaji, husikia neno, hulitenda, kisha husikia neno jingine. Uzuri wake ni kuwa waweza kuzungumza naye. Ubaya wake ni kuwa hutenda kila neno kama lilivyokuja. Akiambiwa alinganishe, hulinganisha yote na kuandika safu nzima ya moja na sifuri, hata kama safu hiyo haitakiwi na mtu ila kwa nukta moja tu, kisha itupwe.

Kosa langu la kwanza katika lugha hii lilitokea hapo. Nalitaka kulinganisha kila mshororo na uliotangulia, kuona mahali mshairi alipobadili mizani. Kwa hiyo niliandika programu iliyoongeza namba moja moja katika orodha, na kila hatua iliuliza namba ya mwisho ni ipi. Katika APL njia iliyo nyepesi ya kupata cha mwisho ni kuigeuza orodha kinyumenyume, kisha kuchukua cha kwanza. Alama ya kugeuza ni ⌽ na alama ya kuchukua cha kwanza ni ⊃, kwa hiyo mtu huandika ⊃⌽A. Mimi niliona kuwa alama mbili zilizobanana namna hiyo ni utovu wa adabu. Niliandika mstari mmoja wa kugeuza orodha na kuipa jina jipya, na mstari wa pili wa kuchukua cha kwanza katika jina hilo. Nalidhani nimeandika kwa ufasaha.

Kaka aliitazama programu yangu akaniuliza, "Umepata kwenda benki?" Nilijibu kuwa nimekwenda. "Ukitaka kujua nani wa mwisho katika foleni, wawaamuru watu wote wageuke na kubadilishana nafasi, wa mwisho awe wa kwanza, ndipo umtazame?" Nikasema la, natazama mwisho wa foleni. "Basi," alisema, "wewe umewabadilisha watu nafasi mara elfu nne." Tukafanya hesabu. Hatua ya kwanza niligeuza namba moja, ya pili namba mbili, na kuendelea hata hatua ya 4,000. Jumla yake ni namba 8,002,000 zilizohamishwa ili nipate majibu 4,000. Kompyuta za leo humeza kazi kama hiyo bila kutafuna, ndiyo maana sikuona kuchelewa. Lakini kama mishororo ingekuwa milioni moja, namba za kuhamishwa zingekuwa zaidi ya bilioni 500, na hapo hata kompyuta ingeomba maji.

"Sasa," nilimwuliza, "si sawa na kuandika ⊃⌽A? Hata huko nimeamuru kugeuza."

Akatikisa kichwa, akanieleza jambo ambalo kwa ajili yake ninaandika. Katika Dyalog APL, lahaja ya lugha hii iliyotoka Uingereza mwaka 1983, mkalimani amefundishwa kutambua nahau. Akikuta ⌽ imefuatwa kwa namna hiyo na ⊃ kushotoni mwake, hageuzi chochote. Hutambua kuwa msemaji anataka kitu cha mwisho, akaenda moja kwa moja mwishoni mwa orodha akakichukua. Kadhalika akikuta ⍴⍴A. Alama ⍴ huuliza vipimo vya safu: jedwali la mistari 3 na nguzo 4 hujibu 3 4. Ukiuliza vipimo vya jibu hilo wapata 2, yaani idadi ya pande za jedwali. Mkalimani aliyezoea haandiki kwanza ile 3 4 mahali popote. Hujua tangu mwanzo kuwa ameulizwa idadi ya pande, hutoa 2. Amesikia nusu ya methali, akaimaliza. Lakini mimi niliyeipasua nahau vipande viwili na kuweka kila kipande katika mstari wake, nalikuwa kama mtu asemaye "Haba na haba" Jumatatu, na "Hujaza kibaba" Alhamisi. Nani angeunganisha?

Nahau hizo hazikutungwa na serikali wala na baraza. Zilikua kama nahau zetu zinavyokua, kwa watu wengi kukuta njia moja na kuipita mpaka majani yakafa. Mwaka 1977, katika Chuo Kikuu cha Yale, Alan Perlis na Spencer Rugaber waliandika orodha ya nahau za APL, kama mtu wa lugha akusanyavyo misemo ya vijiji. Perlis huyo ndiye mtu wa kwanza kabisa kupewa Tuzo ya Turing, mwaka 1966, na bado hakuona haya kukaa chini na kuorodhesha misemo ya kawaida. Hili lilinigusa. Mimi darasani nalikuwa nikiwakemea wanafunzi kwa kutumia misemo iliyozoeleka, nikiita misemo hiyo viatu vilivyolika soli. Sasa nilikutana na watu wenye elimu kubwa walioona kuwa msemo uliozoeleka ni hazina, kwa sababu msikilizaji aweza kuuandalia mahali kabla haujafika.

Wengine walitafuta njia pana zaidi ya orodha. Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Philip Abrams aliandika tasnifu ya udaktari juu ya mashine ya APL yenye uvivu wa hekima. Ikiambiwa igeuze safu, haikugusa namba hata moja. Ilibadili maelezo tu yanayosema safu inasomwa kutoka upande gani, kama mtu ageuzaye kibao cha njia bila kuhamisha mji. Tena iliahirisha kazi mpaka pale jibu lilipotakiwa, ili isitende kisichohitajiwa. Iverson mwenyewe hakukoma. Mwaka 1990, pamoja na Roger Hui, alitoa lugha nyingine fupi iitwayo J, inayoandikwa kwa alama za kibodi ya kawaida. Humo nikitaka mshororo wa kwanza uliokosa mizani 16 naandika 16 (= i. 0:) M. Nikisema kwa urefu, nimeamuru mishororo yote ilinganishwe, kisha sifuri ya kwanza itafutwe. Lakini mkalimani wa J aitambua kauli hiyo nzima. Hulinganisha mmoja mmoja, na akikuta kosa katika mshororo wa tatu husimama hapo hapo, akaiacha 3,997 iliyosalia katika usingizi wake.

Nilipofika hapa nilimwuliza kaka swali la mtu mwenye mashaka. Je, mkalimani anayemaliza maneno ya watu hakosei? Kijijini tulikuwa na mzee aliyemaliza kila sentensi ya kila mtu, na nusu ya ugomvi wa kijiji ulitoka kinywani mwake.

Jibu la kaka lilikuwa taratibu, kwa sababu kwake hili ndilo shina la elimu yote. Alisema kuwa mkalimani huitambua nahau kwa sura yake, lakini sura haimtoshi. Wakati wa kutenda hutazama kilicholetwa: ni namba au ni herufi, ni safu moja au ni jedwali, ni cha aina ambayo njia ya mkato iliandaliwa au sicho. Kikifaa, hupita njia ya mkato. Kisipofaa, huiacha bila kinyongo akarudi katika njia ndefu, neno kwa neno, kana kwamba hakupata kuijua nahau hiyo. Sheria ni moja na haina msamaha: njia ya mkato lazima ifike pale pale ambapo njia ndefu ingefika. Ikifika mahali pengine hata kwa unywele, si njia ya mkato tena, ni upotevu. "Kutambua," alisema, "hukuokolea muda. Kuhakikisha hukuokolea heshima."

Niliagana naye, nikaenda nyumbani nimeridhika. Sikujua kuwa maneno hayo yalikuwa hukumu yangu.

Muhula huo nalikuwa na insha 120 za kusahihisha. Mtu aliyesahihisha insha kwa miaka kumi na sita huwa mkalimani wa namna yake. Husoma sentensi ya kwanza akaijua ya mwisho. Insha ikianza na methali fulani, wajua itapita wapi, itapumzika wapi, na itamalizia kwa shukrani gani. Usiku mmoja, baada ya saa tano, nilikuta insha iliyoanza, "Elimu ni ufunguo wa maisha." Nilitabasamu kama mtu akutanaye na jirani. Macho yangu yakateleza juu ya kurasa tatu, nikaandika alama 11 kati ya 20, nikachukua nyingine.

Baada ya siku nne mwenye insha alibisha mlango wa ofisi yangu. Alikuwa msichana mkimya ambaye sikumbuki kuwa alipata kuinua mkono darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. Aliweka insha yake mezani kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, sikuja kudai alama. Naomba tu unionyeshe mahali nilipopotea, ili wakati mwingine nisipite huko."

Nilifungua insha kwa ujasiri wa kazi yangu, nikatafuta mahali alipopotea. Sikupaona, kwa sababu sikuwa nimepita naye njia ile. Nikamwomba aniachie insha mpaka kesho. Alipotoka nilifunga mlango, nikaisoma neno kwa neno.

Alikuwa ameiweka methali ile mlangoni ili ashindane nayo. Katika ukurasa wa pili alieleza kuwa kwao walikuwa watoto wanne na karo ilikuwa ya mmoja. Mama yake aliuza cherehani ili mtoto huyo mmoja asome, na mtoto huyo alikuwa yeye. Kisha aliuliza: ikiwa elimu ni ufunguo, na watu wanne wamesimama mlangoni, na ufunguo ni mmoja, aliyeingia ana deni gani kwa waliobaki nje? Hakumalizia kwa shukrani. Alimalizia kwa kusema kuwa kila anapofungua kitabu husikia sauti ya cherehani ambayo haipo tena nyumbani kwao. Katika insha zote 120 hapakuwa na nyingine iliyokuwa na fikira nzito kama hiyo, nami niliipa 11 kwa sababu niliitambua.

Kesho yake nilimwambia ukweli. Nilimwambia, "Mwanangu, hukupotea. Mimi ndiye nisiyesoma." Alitazama chini, akasema, "Asante, Mwalimu," kwa sauti ndogo, na sikujua kama amenisamehe. Nilibadili alama yake ikawa 17. Halafu nilizikusanya insha nyingine 119 nikazisoma upya, mchana, moja baada ya moja. Nyingi zilikuwa kama nilivyozihukumu mara ya kwanza. Nahau ilikuwa nahau, na njia ya mkato ilikuwa imenifikisha pale pale. Lakini nne zaidi zilinishtaki. Sura yake ilikuwa ile niliyoizoea, na kilichobebwa ndani yake hakikuwa kile nilichokizoea.

Tangu siku ile siwakemei tena wanafunzi kwa kuanza na msemo unaojulikana. Msemo huo ni heshima kwa msikilizaji, humwambia, "Njia hii waijua, tutembee pamoja." Wala sijilaumu kwa kutambua haraka, maana mtu asiyetambua chochote hawezi kusahihisha insha 120 wala kuishi na majirani. Ninachojilaumu ni kuwa nilipoitambua sura sikutazama kilicholetwa. Mkalimani wa safu, ambaye hana moyo wala hofu ya Mungu, hutazama kila mara. Mimi, niliyepewa vyote viwili, sikutazama.

Bibi yangu alipokuwa akisita katikati ya methali, nalidhani anatuachia kazi nyepesi. Sasa naona kuwa alikuwa akitutazama. Siku moja mdogo wangu aliitikia kwa maneno mengine kabisa, ya utundu wake mwenyewe, na sisi wengine tukamcheka. Bibi hakucheka. Alimwambia, "Rudia, mjukuu wangu, nisikie vizuri ulivyosema." Kisha akanyamaza, akamsikiliza mpaka mwisho.